Mwendee Kama Mkwe

Saa mbili asubuhi, Nakhumicha anapiga magoti kando ya mfuniko wa chuma ulio katikati ya mashina makavu ya mahindi. Anaupangusa vumbi kwa kiganja, polepole, kama anayemfuta mtoto pua. Kisha anabaki hapohapo bila kuufungua.

Mfuniko una kufuli. Ufunguo wake uko shingoni mwa Nakhumicha, umefungwa kwa kamba ya kiatu na kujificha chini ya sweta. Umekaa hapo tangu mwaka juzi, na watu wa upande huu wa Cheptiret wanajua kwamba ufunguo huo hauombwi.

Chini kidogo ya mteremko, Aden ameketi kwenye ukingo wa mtaro alioanza kuuchimba jana. Ndani ya mtaro kuna bomba linalovuja, na mbuzi wa jirani wamekwisha kupata habari. Aden ana miaka ishirini na tisa, mke, mtoto mmoja, na malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Anatazama malori yanayopita barabara kuu ya kwenda Nakuru. Anatazama mbuzi. Kila kitu anakitazama isipokuwa ule mfuniko.

"Kijana," Nakhumicha anaita bila kugeuza uso. "Hiyo bomba haiwezi kutengenezwa hivi. Lazima hapa juu pafungwe."

"Ndiyo, Mama."

"Umesikia nimesema nini?"

"Nimesikia, Mama," Aden anajibu.

Chini ya mfuniko huo kuna koki kubwa ya maji. Kwenye ramani ni Namba Nne. Wafanyakazi wa mradi huu wa maji wanaijua kwa jina lingine, ambalo hawa wawili hawajalitamka baina yao kwa karibu miaka miwili. Inaitwa Mkwe. Ndiyo iliyomchukua Nyongesa, mume wa Nakhumicha. Na mkono uliokuwa kwenye usukani wa koki hiyo siku ile ulikuwa mkono wa Aden.

Jumamosi hii Nakhumicha anaacha kazi. Anarudi Kimilili kumtunza mama mzazi wa Nyongesa, ajuza ambaye macho yamemzimika na ambaye hakubakiwa na mtoto mwingine. Akishaondoka, fundi pekee wa kudumu atakuwa Aden. Yote yaliyo kichwani mwa mama huyu, ama yaingie kichwani mwa kijana huyu kabla ya Jumamosi, ama yapande gari yaende kuzeekea Kimilili.

"Kazi ya mabomba nimemfundisha, kidogo kidogo," anamwambia mwandishi wa habari hii, kwa sauti isiyomfikia Aden. "Lakini hili moja limenikwama hapa." Anagusa koo, palepale ulipo ufunguo.

Nakhumicha ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Hakuja Cheptiret kuwa fundi wa maji. Alikuja kama wanavyokuja wengi kutoka Bungoma, akimfuata mume aliyetangulia kutafuta kibarua. Nyongesa alikuwa amepata kazi ya kuchimba mitaro ya mradi ambao wanakijiji waliuanzisha wenyewe, baada ya kuchoka kupanda mlima na ndoo kichwani. Saa za mchana, mkewe alimletea ugali, akasubiri sufuria, akarudi nyumbani.

Siku moja, akiwa anasubiri sufuria hiyo, alimwambia mumewe kwamba anasikia maji yakilia chini ya ardhi. Wanaume wakachimba. Wakachimba wee, mpaka wakamkuta fuko, mnono, amekasirika kuamshwa.

"Walinicheka mpaka wengine wakalala chini," Nakhumicha anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Nyongesa ndiye alicheka kuliko wote. Alienda nayo nyumbani hiyo maneno. Mwaka mzima, nikisema nimesikia kitu usiku, ananiuliza, 'Ni fuko?'"

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Mzee Mulongo, fundi mkuu wa mradi. "Sikio lipo," Mulongo alisema. "Halijafundishwa tu." Wiki iliyofuata akampa koleo na kumwambia aje kazini.

Huyo Mulongo alikuwa mtu wa namna yake. Mrefu, mwenye mdomo usiopumzika, mtani wa kila anayepita. Alizungumza na vyuma. Akikuta kiungo kimeshika kutu, alikipa pole kwanza ndipo akachukua nyundo.

Mradi ulikuwa maskini, kwa hiyo koki zake hazikutoka dukani. Zilitolewa kwenye mashamba ya zamani na viwanda vilivyofungwa milango, kila moja na umri wake na wazimu wake. Mulongo hakuona haja ya kuzipa namba. Alizipa majina ya watu.

Kuna Mgonjwa, ambaye ukimzungusha kwa pupa anatapika kutu kijiji kizima kikafua nguo nyekundu. Kuna Karani, unayemfungua sasa na maji yakafika ukiwa umeshakunywa chai na kuosha kikombe. Kuna Bibi Harusi, asiyetoka peke yake. Lazima umtangulizie koki ya pembeni, la sivyo bomba linapasuka kwa hasira. Ukilijua jina, umejua kazi.

Na kuna huyu hapa, Mkwe.

Koki zote duniani, au angalau zote ambazo watu wa Cheptiret wamewahi kuzishika, hufungwa kwa kuzungusha usukani kulia. Mkwe anafungwa kwa kuzungusha kushoto. Alitengenezwa hivyo, kinyume na wenzake. Ukimzungusha kulia ukidhani unafunga, unafungua. Atakwenda na wewe vizuri tu, mpaka agome, na utaondoka ukijua umemaliza.

Mulongo alikuwa Mbukusu, kama Nakhumicha na mumewe. Na kwa Wabukusu, mwanamume hamwendei mama mkwe wake hivihivi. Hamshiki mkono. Hali mbele yake. Akimwona anakuja njiani, yeye ndiye anayepinda, anayerudi nyuma.

"Kwa hiyo Mzee akasema, huyu ni Mkwe," Nakhumicha anaeleza. "Huyu unarudi nyuma. Unazungusha kinyume. Mtu akielezwa mara moja, hasahau mpaka afe."

Nyongesa aliupenda utani huo kupita kiasi. Kila alipopita hapa na jembe lake begani, alivua kofia, akainamisha kichwa, akatembea kinyumenyume hadi aupite mfuniko. Alifanya hivyo hata akiwa peke yake. Nakhumicha aliwahi kumwona kutoka mbali, mtu mzima, anausalimu mfuniko kwa heshima zote katikati ya mahindi, na hapakuwa na mtu wa kumchekesha.

Anaposimulia hilo, anauficha uso kwa upindo wa leso. Aden, kule chini, anainuka na kwenda kuwafukuza mbuzi waliokwisha kuondoka.

Wafanyakazi wa mradi walikuwa wanne: Mulongo, Nyongesa, Nakhumicha, na Kipyego, kijana wa palepale aliyekuwa akisimamia pampu ya kisima. Wa tano alikuja baadaye, naye ni Aden.

Aden alilelewa kwenye malori. Alikuwa utingo wa lori la mjomba wake lililokuwa likipeleka unga na sukari kaskazini, hadi lilipouzwa. Akaja kwa shangazi yake Halima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Cheptiret na mwenyekiti wa kamati ya mradi. Halima akamtia kazini kwa mshahara uleule wa wenzake, shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi.

Alipofika, utani ulikuwa umezeeka. Watu walisema "fungua Karani" au "angalia Mgonjwa" kama wanavyosema "pitisha chumvi." Hakuna aliyecheka tena, kwa hiyo hakuna aliyeeleza. Aden alijifunza majina yote kwa wiki moja, na kila mtu akamsifu kwamba ana kichwa chepesi.

Kisha watu wakaanza kuondoka.

Wa kwanza alikuwa Kipyego. Alipata kazi Qatar, na tikiti ilikuja ghafla. Ndege haimngoji mtu. Kabla hajaondoka alifunga kifaa kwenye pampu ili stima ikikatika na kurudi, pampu ijiwashe yenyewe, isimsumbue mtu kutembea hadi kisimani. Alifanya kwa nia njema. Alimwonyesha Mulongo peke yake, akaaga, akaenda zake.

Siku chache baadaye, Mulongo alianza kuvimba miguu. Akalazwa hospitalini mjini Eldoret.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua zimeshika. Bomba la chini lilipasuka, palepale Aden alipochimba jana. Siku hiyo Nakhumicha alikuwa ameenda mjini kununua viungo. Stima ilikatika kwa mara ya kwanza tangu Kipyego aondoke, na bomba likawa kavu. Nyongesa akaona hiyo ni bahati. Akashuka mtaroni.

Mradi ulikuwa na sharti moja: hakuna anayegusa koki kabla ya neno la Mulongo. Aden akampigia simu pale kitandani. Maneno ya mzee, Aden anayakumbuka mpaka kesho.

"Funga Mkwe," Mulongo alisema. "Na umwendee kama mkwe, umesikia?" Akacheka, kicheko cha mgonjwa anayetafuta pumzi.

Aden naye akacheka. "Sawa, Mzee."

Siku hizo Mkwe alikuwa ameachwa nusu wazi kwa sababu ya mgao wa maji. Aden akauzungusha usukani kulia mpaka ukagoma. Hapakuwa na maji ya kumwonya, bomba lilikuwa kavu. Nyongesa akauliza kutoka mtaroni, "Imefungwa?" Aden akajibu, "Imefungwa, Mzee."

Stima ikarudi. Pampu ikajiwasha, kama Kipyego alivyoiagiza. Maji yakashuka kwa nguvu zote kupitia koki iliyokuwa wazi kabisa, yakatoka kwenye bomba lililokatwa, yakazipiga kuta za udongo uliokwisha kulewa mvua. Kuta zikaanguka. Aden aliruka ndani na kuchimba kwa kucha zake, akipiga mayowe, na watu walipofika walimkuta amekwisha kuufikia mkono wa Nyongesa. Mkono ulikuwa tayari umepoa.

Kwenye mazishi kule Kimilili watu walisema ajali haina kinga. Nakhumicha hataki kuisikia methali hiyo. "Hii ilikuwa na kinga," anasema, na macho yake yanawaka. "Kinga yake ilikuwa ni kuelezwa jina. Mtu mmoja tu angemkalisha huyo kijana chini dakika mbili!"

Halima alikuja mazishini na lori zima la watu wa Cheptiret. Aden alikuja nao. Aliteremka, akafika mpaka langoni, akasimama. Hakuingia. Alisimama hapo juani tangu ibada ilipoanza hadi kaburi lilipofunikwa. Nakhumicha alimwona vizuri sana kutoka alipokuwa ameketi kando ya jeneza.

"Ningenyanyua mkono tu, angeingia," anasema. "Sikunyanyua."

Aliporudi, alikwenda hospitalini kumwona Mulongo. Mzee alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amegeukia ukutani, mgongo umebaki mifupa, na hakutaka kugeuka. Aliuliza swali moja tu. "Hakumwendea kama mkwe?"

Nakhumicha akamjibu kwamba kijana hakujua maana yake.

Ndipo mzee akalia. Mtu aliyewatania watu maisha yake yote akalia kwa sauti. "Alicheka," alisema. "Nilimsikia akicheka kwenye simu, nikadhani ameelewa. Kumbe alinichekea kwa adabu." Baadaye akamshika Nakhumicha kidole. "Mwambie kijana. Mwambie maana yake, na majina mengine yote. Mimi nimechelewa."

Nakhumicha akaahidi. Majuma matatu baadaye Mulongo alizikwa, na ahadi ikabaki kwake.

Hakuitimiza. Alinunua kufuli.

Baada ya ajali, watu wa kamati waligundua kwamba koki ile inafungwa kinyume, wakamwambia Aden hivyo. Aden akajua kwamba alizungusha vibaya chuma kibovu, akaamini ni mkosi. Hakuna aliyemwambia kwamba onyo lilikuwa ndani ya jina lenyewe, na kwamba Mulongo alimpa onyo hilo mara mbili kwa pumzi moja. Nakhumicha peke yake ndiye aliyelijua hilo.

"Nilitaka abaki hivyo, hajui," anasema, na hapambi maneno. "Siku zingine nilimhurumia, nikaona nikimwambia atavunjika kabisa. Siku zingine nilimchukia tu. Kuna siku ilikuwa yote mawili kabla ya chai."

Wamefanya kazi bega kwa bega tangu wakati huo. Asubuhi wanasalimiana, jioni wanaagana. Aden hajashika koki hata moja. Anachimba, anabeba, anajaza udongo. Nakhumicha hajamwita kwa jina. Ni "kijana," au ni "wewe."

Kufuli hilo limewagharimu watu. Mkwe akiwa amefungiwa hali yuko wazi, bomba la chini likivuja hakuna njia ila kuzima pampu na kuwakausha wote, nyumba karibu mia tatu. Siku hizo akina mama hurudi mtoni, au hununua mtungi kwa shilingi thelathini kutoka kwa watu wa punda.

Halima alivumilia. Alimleta Cyril, fundi wa ramani kutoka mjini, ambaye alizunguka siku nzima akiandika namba kwenye kila mfuniko. Nakhumicha anaisifu ramani hiyo. Anasema imewaokoa mara nyingi. Lakini Cyril mwenyewe aliwaambia ukweli kabla ya kuondoka: "Mimi nimeonyesha mahali zilipo. Tabia zao mtafundishana nyinyi."

Wiki iliyopita, Nakhumicha alipokwenda dukani kuaga, uvumilivu wa Halima uliisha. Aliacha wateja kwenye kaunta, akamvuta pembeni kwenye magunia ya saruji.

"Dada yangu," Halima alimwambia, "mtu akiondoka na ufunguo wa duka langu, navunja kufuli. Akiondoka na kitu iko kwa kichwa, nitavunja nini?"

"Mweke mtu mwingine, Mama Idil." Idil ni kifungua mimba wa Halima. "Nitamfundisha huyo mwingine."

"Mwingine nani? Watu wanakuja mwezi mmoja wanaenda. Huyu amebaki. Unajua kwa nini amebaki? Mjomba wake amempigia simu mara ngapi aende Garissa, lori ingine imepatikana! Anasema hawezi kuacha Mama Nakhumicha achimbe peke yake."

Nakhumicha hakuwa analijua hilo. Anasema alitoka dukani bila kuaga, akasahau hata sukari aliyolipia.

Waswahili wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Njia nzima kurudi nyumbani, anasema, methali hiyo ilimzunguka kichwani kama nzi. Alijiuliza ni nani aliyeitunga, na kama aliwahi kufukua mtu kutoka mtaroni.

Jana bomba lilianza kuvuja. Palepale. Nakhumicha akamwambia Aden achimbe, na safari hii akamwagiza aziegemeze kuta kwa mbao, mbao nzito, kila upande.

Sasa anaivuta kamba kutoka shingoni. Ufunguo unakwama kidogo kwenye kufuli, kisha unazunguka. Anaunyanyua mfuniko. Chini, katika shimo kavu lenye utando wa buibui, usukani wa Mkwe unaonekana, mwekundu kwa kutu.

"Kuja hapa," anaita.

Aden anakuja. Anasimama mbali, mahali ambapo haoni ndani.

"Karibia. Siku ile, Mzee Mulongo alikuambia nini kwa simu? Maneno yake yenyewe."

Kijana anasogea hatua moja. "Alisema, 'Funga Mkwe. Na umwendee kama mkwe, umesikia?'"

"Ukaelewa nini?"

"Nilijua ni jina tu, Mama. Malori yetu pia yako na majina. Kulikuwa na moja inaitwa Sultani. Hakuna mtu anauliza kwa nini Sultani." Anapangusa uso kwa mkono. "Mzee alicheka, na mimi nikacheka. Wanasema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza mzee akueleze utani wake... niliona haya."

Nakhumicha anakitazama kile chuma. "Huko kwenu, mwanamume akikutana na mama ya bibi yake, anafanya nini?"

"Soddoh?" Aden anamtaja mama mkwe kwa Kisomali, akishangaa swali lenyewe. "Ah, huyo ni heshima. Huendi kwake hivi hivi. Humuangalii usoni. Akitokea mbele yako kwa njia, wewe una..."

Mkono wake wa kulia umeinuka wenyewe hewani, vidole vimekunjwa kama vilivyoshika usukani, na unaanza kuzunguka polepole kuelekea kushoto.

"Malizia," Nakhumicha anasema.

"Unarudi nyuma."

Anakaa chini kwenye mashina ya mahindi, mtu mzima, baba wa mtoto, na analia bila kujificha. "Alikuwa ameniambia! Mama, Mzee alikuwa ameniambia!"

"Alikuambia," Nakhumicha anasema, naye machozi yanamshuka hadi kidevuni na hayafuti. "Alikuambia kwa desturi ya kwetu, hakujua kama hata kwenu iko. Wewe ulikuwa nayo. Yeye alikuwa nayo. Nyongesa alikuwa nayo, akidhani na wewe unajua. Na hakuna mtu alifungua mdomo kuuliza mwenzake." Anavuta pumzi. "Na mimi nimelala na hii maneno miaka miwili. Nilikuwa nimeahidi nikuambie. Nilitaka ikuume siku nitakayotaka mimi."

"Iniume, Mama. Ni haki yako."

"Nyamaza. Haki gani? Mume wangu hajarudi."

Kule kisimani pampu inanguruma, maana Nakhumicha amekataa katakata izimwe. Watu wa upande wa juu wana nguo za kufua na hawana kosa. Lori linapiga honi barabarani. Baadaye mama huyu anainuka kwa shida, mkono kwenye goti, anaanza kuteremka kuelekea mtaroni.

Aden anaelewa, anaruka kusimama. "Hapana! Mama, usishuke huko. Nishuke mimi."

"Wewe ukishuka, nani atafunga? Jumamosi mimi siko hapa."

"Basi tuzime pampu kwanza. Nakuomba."

"Tumezima vya kutosha," anasema, na hageuki.

Anashuka ngazi ya mbao hadi chini. Udongo unamzidi kimo. Anasimama kwenye tope, kando ya bomba linalorusha maji, kati ya kuta mbili zilizoegemezwa mbao. Hajawahi kukanyaga hapa tangu siku ile. Anaweka kiganja juu ya bomba na kulisikia likitetemeka.

Kule juu, Aden amevua kofia ili ajifute uso, akaisahau mkononi. Anapiga magoti penye shimo. Anaushika usukani. Kwa kitambo hakuna kinachotokea, na mtu angeweza kudhani ameshindwa. Kisha chuma kinalia, kutu inadondoka, na usukani unaanza kwenda kushoto.

Maji mtaroni yanapungua. Yanakuwa uzi. Yanakuwa matone. Pampu bado inanguruma, lakini bomba chini ya kiganja cha Nakhumicha limetulia.

"Aden!" anaita.

Ni mara ya kwanza tangu mazishi. Kule juu kichwa kinachungulia, macho mekundu.

"Naam, Mama."

"Imefungwa?"

"Imefungwa, Mama."

"Basi nipe spana."

Anapokea spana na kuanza kufungua kiungo kilichooza, na huku akifanya kazi anampa maagizo, kwa sauti ya kawaida ya fundi anayezungumza kutoka shimoni. Kesho watakwenda kwa Mgonjwa. Alhamisi Karani na Bibi Harusi. Yeye Jumamosi atapanda gari, na anatumaini simu yake huko Kimilili italia kwa salamu tu. Kamati ikileta mtu mpya mwezi ujao, Aden asimkabidhi jembe siku ya kwanza. Amlete hapa kwanza, amkalishe, amuulize kwao mkwe anaendewa vipi, asiondoke mpaka mgeni ajibu kwa mdomo wake.

"Na akicheka?" Aden anauliza.

"Muulize anacheka nini." Anakaza kiungo kipya, anasita, anapumzisha paji la uso kwenye mkono ulioshika spana. "Halafu umwambie kulikuwa na mtu hapa anaitwa Nyongesa. Usimwambie tu vile alikufa. Mwambie alikuwa akipita hapo anavua kofia."

Kofia ikiwa bado mkononi, Aden anasema atamwambia.